Utani, magenge na uzio: kilichotokea kwenye majukwaa ya kusimama ya soka la Uingereza

Kijana wa Dar es Salaam au Nairobi aliyezoea kutazama Ligi Kuu ya Uingereza kwenye kibanda umiza hushangaa akiona picha za miaka ya 1970 za viwanja vile vile. Hakuna viti. Nyuma ya goli kuna ngazi pana za zege, na juu yake wamesimama maelfu ya watu bega kwa bega, skafu zimeinuliwa, wanaimba kwa sauti moja. Bao likifungwa, umati mzima unaporomoka kuelekea chini, kisha unarudi juu taratibu kama wimbi linalorudi baharini. Wazee waliosimama pale husimulia mambo yasiyolingana kabisa. Mmoja atakuambia kwamba hajawahi kuwa na furaha kama ile tangu azaliwe. Mwingine atakuonyesha kovu. Wa tatu alimpeleka mwanawe kwenye mechi akarudi peke yake.

Wote watatu wanasema kweli. Shida ni kwamba masimulizi yao yameunganishwa yakawa hadithi moja ya "enzi za fujo", na ndani ya hadithi hiyo kuna mambo matatu ambayo hayakuwa na chanzo kimoja: utani wa klabu na klabu, magenge yaliyotafuta ugomvi, na viwanja vibovu vilivyoua watu waliokuja kutazama mpira tu. Wanahabari wa wakati ule waliyachanganya. Serikali iliyachanganya zaidi. Nitajaribu kuyatenganisha hapa, kwa sababu mchanganyiko huo ndio uliojenga uzio, na uzio ukaua.

Maisha ya kwenye zege

Jukwaa la kusimama lilikuwa sehemu ya bei nafuu uwanjani. Ulilipa mlangoni, ukapita kwenye kilango cha chuma kinachozunguka, ukasimama popote ulipopata nafasi. Hapakuwa na namba ya kiti, kwa hiyo ulikuja mapema na rafiki zako, ndugu zako au wenzako wa kiwandani, mkasimama mahali penu pa kila Jumamosi. Hapa na pale kulikuwa na vyuma vya kuegemea vilivyokitwa kwenye zege ili kupunguza msukumo wa umati. Watoto walipitishwa juu ya vichwa vya watu wazima, mkono kwa mkono, hadi mbele kabisa waone vizuri. Kwenda msalani wakati wa mechi kubwa haikuwezekana, na wanaume wengi walijisaidia pale pale waliposimama. Wazee husimulia na hilo pia, na ni vizuri walisimulie, maana linaonyesha klabu zilivyowathamini waliozilipa.

Jukwaa maarufu kuliko yote ni Kop la Liverpool. Jina limetoka Afrika Kusini: Spion Kop ni kilima ambako Waingereza walishindwa na Makaburu Januari 1900, na wengi wa askari waliokufa pale walitoka kaskazini-magharibi ya Uingereza. Jukwaa kubwa lilipojengwa Anfield mwaka 1906, likapewa jina la kilima hicho, na viwanja vingine kadhaa vikawa na Kop zao. Manchester United walikuwa na Stretford End, Arsenal wakawa na North Bank, Chelsea wakawa na Shed, Aston Villa wakawa na Holte End. Kila jina lilikuwa na watu wake, nyimbo zake, na sifa yake mjini.

Hadi miaka ya 1950, babu, baba na mjukuu walisimama pamoja. Kwenye viwanja vingi mashabiki wa timu mbili walichanganyika, na mapumziko yakifika walizunguka kwenda upande wa pili ili waendelee kusimama nyuma ya goli ambalo timu yao inalishambulia. Jambo hilo nalitaja kwa makusudi. Nyuma ya goli hapakuwa milki ya mtu.

Mabadiliko yalianza miaka ya 1960. Vijana walikuwa na mishahara yao wenyewe, na barabara kuu ya M1 ilifunguliwa 1959. Shirika la reli nalo lilipanga treni maalumu za bei nafuu za kuwapeleka mashabiki ugenini. Televisheni ikafika: Aprili 1964 kamera za BBC ziliwapiga picha watu wa Kop wakiimba nyimbo zilizovuma redioni msimu huo, siku Liverpool walipoifunga Arsenal 5-0 na kutwaa ubingwa. Vijana kote nchini wakaona kwamba na wao wanaweza kuwa onyesho. Wakaanza kukusanyika nyuma ya goli wao kwa wao, wazee wakasogea pembeni. Ndipo nyuma ya goli pakapata wenyewe, na penye mwenyewe hapakosi wa kuja kupagombania.

Utani una mizizi yake

Mashabiki wetu wengi wamerithi uadui wa klabu za Uingereza pamoja na jezi, bila kupewa historia yake. Manchester na Liverpool zilikuwa zikisigana hata kabla ya mpira kuwa na maana. Pamba ya Manchester ilipitia bandari ya Liverpool, na wafanyabiashara wa Manchester walichoka kulipa ushuru wa bandari na nauli za reli. Wakachimba mfereji wa meli hadi mjini kwao, ukafunguliwa 1894, meli zikapita mbele ya macho ya Liverpool bila kusimama. Arsenal walikuwa klabu ya kusini mwa mto Thames hadi 1913, walipohamia Highbury, jirani kabisa na Tottenham, na Tottenham hawajawasamehe hadi leo. West Ham na Millwall wote walizaliwa kando ya mto huo huo, West Ham kutoka karakana ya kuunda meli, Millwall kutoka kiwanda cha jamu. Kule Glasgow, Celtic ilianzishwa 1887 kuwasaidia maskini wa Kikatoliki wenye asili ya Ireland, na Rangers wakawa timu ya Waprotestanti. Hapo mpira ulibeba dini na siasa mabegani.

Utani kama huo unaweza kuwa mkali bila mtu kuumia. Jijini Liverpool familia nyingi zina mashabiki wa Everton na wa Liverpool chini ya paa moja, kama zilivyo nyumba za Simba na Yanga kwetu. Mwaka 1984 timu hizo zilipokutana Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi, bluu na nyekundu walisafiri pamoja, wakasimama pamoja, na uwanja mzima ukaimba jina la eneo lao, Merseyside. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ambayo magazeti yaliita enzi ya fujo.

Lakini utani ulikuwa na upande mchafu, na sioni sababu ya kuupamba. Mashabiki wa timu pinzani walitunga nyimbo za kufurahia ajali ya ndege ya Munich ya 1958, iliyoua watu 23, wakiwamo wachezaji wanane wa Manchester United. Baadaye zikaja nyimbo kuhusu waliokufa kwa kubanwa kwenye uwanja wa Hillsborough mwaka 1989. Tabia hiyo haijafa. Kwenye fainali ya Kombe la FA ya 2023 mtu mmoja alikamatwa Wembley amevaa jezi yenye maandishi ya kuwadhihaki marehemu 97 wa Hillsborough, na mahakama ikampiga marufuku ya miaka minne kuingia viwanjani. Kuimba kuhusu kaburi la mtu si utani wa jadi hata kidogo. Mtani wa kweli ndiye anayekuja msibani kwako.

Magenge

Ghasia za soka hazikuanza na vijana wa miaka ya 1970. Mwaka 1885, baada ya mechi ya Preston North End na Aston Villa, umati uliwarushia mawe wachezaji na kuwapiga. Mwaka 1909 fainali ya Kombe la Uskoti kati ya Rangers na Celtic iliishia kwa mashabiki kuchoma vibanda vya kulipia viingilio Hampden Park. Kilichokuwa kipya baada ya miaka ya 1960 ni mpangilio: vijana walisafiri kila wiki, wakakutana kwa makusudi, na lengo lao halikuwa refa wala mchezaji. Lilikuwa vijana wenzao.

Mchezo wao mkuu ulikuwa kuteka jukwaa. Kundi la ugenini liliingia kimya kimya kwenye jukwaa la wenyeji, rangi zimefichwa chini ya koti, kisha kwa ishara moja likaanza kuimba wimbo wa timu yake. Ngumi zilianza hapo hapo. Wenyeji wakisukumwa nje ya mahali pao, aibu ilidumu hadi mechi ya marudiano. Buti nzito zilikuwa silaha, na kuna polisi waliowavua vijana kamba za viatu mlangoni ili wasiweze kukimbia wala kupiga teke. Sarafu zilirushwa, na wengine walizinoa makali kwanza.

Mwaka 1974 ndio uliobadilisha mambo. Aprili, Manchester United wakiwa njiani kushuka daraja, mashabiki wao walivamia uwanja wa Old Trafford baada ya Denis Law, aliyekuwa shujaa wao zamani, kuifungia Manchester City kwa kisigino, na mechi ikavunjika. Msimu uliofuata waliizunguka miji midogo ya daraja la pili kwa maelfu, na miji mingi iliwaogopa. Agosti mwaka huo huo kijana mmoja aliuawa kwa kisu jukwaani Blackpool, wakati wa mechi dhidi ya Bolton. Klabu na polisi wakajibu kwa mambo mawili: kuwatenganisha mashabiki na kuweka uzio.

Kuwatenganisha kulionekana busara, na kulisaidia ndani ya uwanja. Lakini kulileta pia kisichotarajiwa. Shabiki wa kawaida wa ugenini, pamoja na mzee na mtoto, sasa alipokewa kituo cha treni na polisi wenye mbwa na farasi, akaswagwa barabarani, akafungiwa kwenye kona ya uwanja, na baada ya mechi akazuiwa nusu saa kabla ya kuruhusiwa kwenda. Jukwaa lililokuwa la mchanganyiko likawa ngome yenye mpaka rasmi uliochorwa na serikali. Wale waliotaka kupigana wakahamia vituoni, baa na mitaa ya nyuma, ambako polisi hawakuwepo.

Ndipo yakaja magenge yenye majina. Wahuni wa West Ham waliacha treni maalumu za mashabiki, ambazo polisi walizisubiri, wakapanda treni za kawaida za InterCity pamoja na abiria wengine. Kundi likaitwa Inter City Firm. Wale wa Leeds wakajiita Service Crew kwa sababu hiyo hiyo, na wa Portsmouth wakajiita 6.57 Crew kutokana na treni ya alfajiri waliyoipanda kwenda London. Chelsea walikuwa na Headhunters, Millwall wakawa na Bushwackers. Watu wa Inter City Firm waliacha kadi ndogo iliyochapishwa kwa mtu waliyempiga, ikimpongeza kwa kukutana nao.

Mavazi yao yalibadilika pia. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, vijana wa Liverpool waliofuata timu yao barani Ulaya walirudi na viatu vya Adidas na fulana za Lacoste na Sergio Tacchini ambazo hazikuwa zikipatikana kwao. Mtindo ukaenea nchi nzima. Polisi waliokuwa wakitafuta vichwa vilivyonyolewa na skafu walimwacha apite kijana aliyevaa kama mcheza tenisi. Mtindo huo unapendwa hadi leo, na wengi wanaouvaa hawajui kwamba ulienea kwa sababu ulimficha mpiganaji asijulikane.

Kwa nini walipigana? Wataalamu walibishana kwa miaka mingi. Ian Taylor alisema klabu zilijitenga na watu wa tabaka la wafanyakazi waliozijenga, na vijana wakawa wanadai kilicho chao. Eric Dunning na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leicester walitazama mitaa ambako ubabe ulikuwa njia ya kijana kupata heshima. Peter Marsh, aliyewachunguza mashabiki wa Oxford United, aliona kwamba sehemu kubwa ya vurugu ilikuwa maonyesho yenye kanuni: kufukuzana, kutishana, kupiga kelele, huku wachache wakiumia kwa kweli. Naona kila mmoja alishika kipande. Lakini ukiwasikiliza waliokuwemo wenyewe, sababu wanayoitaja mara nyingi ni nyepesi kuliko zote: walifurahia. Walipenda ule moyo kwenda mbio, walipenda kuogopwa, na walipenda kuwa na wenzao wa kufa na kuzikana. Umaskini peke yake hauelezi jambo hili, maana mavazi yale yalikuwa ghali, na wengi waliofikishwa mahakamani walikuwa na kazi.

Hapa ndipo kumbukumbu zinapohitaji kupimwa. Tangu miaka ya 1990 wahuni wastaafu wamechapisha vitabu vingi vya maisha yao, na ukivisoma utagundua kwamba karibu kila mmoja alishinda. Pambano lile lile linasimuliwa na pande mbili, na pande zote mbili ziliwakimbiza wenzao. Aliyekimbia haandiki kitabu. Wala haandiki mwenye baa aliyevunjiwa vioo, wala muuguzi wa zamu ya Jumamosi usiku.

Na hawaandiki sana mashabiki Weusi waliokoma kwenda uwanjani. Chama cha kibaguzi cha National Front kiliyaona majukwaa kuwa mahali pa kuvuna wanachama, na gazeti lake la vijana liliuzwa nje ya viwanja. Viv Anderson, Mweusi wa kwanza kuichezea timu ya taifa ya wakubwa ya Uingereza mwaka 1978, alirushiwa ndizi. Cyrille Regis alitumiwa risasi kwa posta alipoitwa timu ya taifa mwaka 1982. Mwaka huo huo Paul Canoville, mchezaji wa kwanza Mweusi wa Chelsea, alizomewa siku yake ya kwanza na mashabiki wa Chelsea wenyewe. Mwaka 1988 John Barnes aliisukuma ndizi kwa kisigino kwenye dabi dhidi ya Everton, na picha hiyo imezunguka dunia. Mtu akikusimulia kwamba jukwaani wote walikuwa familia moja, muulize ni nani hasa aliyekuwa ndani ya familia hiyo.

Mei 1985

Machi 13, 1985, mashabiki wa Millwall na wahuni wa timu nyingine waliojiunga nao walifanya ghasia kwenye uwanja wa Luton wakati wa robo fainali ya Kombe la FA. Waling'oa viti wakawarushia polisi, na televisheni ilirekodi yote. Waziri Mkuu Margaret Thatcher aliwaita viongozi wa soka ofisini kwake. Luton wakaamua kuwapiga marufuku mashabiki wote wa ugenini, marufuku iliyoanza msimu wa 1986/87 na kudumu misimu minne. Mwenyekiti wa Chelsea, Ken Bates, aliweka uzio wa umeme Stamford Bridge. Mamlaka ya jiji la London ikakataa uwashwe. Ulikuwa uzio wa aina inayozuia ng'ombe.

Kisha ikaja Mei 11. Siku hiyo moja mambo mawili yalitokea. Bradford City walikuwa wakisherehekea ubingwa wa daraja la tatu nyumbani dhidi ya Lincoln City. Jukwaa lao kuu lilikuwa la mbao, na chini yake takataka zilikuwa zimerundikana kwa miaka. Moto ulianza kabla ya mapumziko, na kwa dakika chache jukwaa zima likawaka. Watu waliokimbilia nyuma walikuta milango imefungwa. Waliokimbilia mbele walipona, kwa sababu mbele ya jukwaa lile hapakuwa na uzio. Watu 56 walikufa. Saa hizo hizo, jijini Birmingham, mashabiki wa Leeds na wa Birmingham City walipigana na polisi uwanjani, ukuta ukaanguka, na mvulana wa miaka 15 akafa.

Serikali ilimteua Jaji Popplewell kuchunguza. Ilimpa mambo yote mawili katika uchunguzi mmoja: moto uliotokana na uzembe, na ghasia zilizotokana na wahuni. Hakuna ushahidi bora wa mchanganyiko ninaousema kuliko uteuzi huo. Wiki moja baada ya moto, gazeti la Sunday Times liliuita mpira mchezo wa makazi duni, unaochezwa kwenye viwanja duni na kutazamwa na watu duni. Familia za Bradford zilikuwa bado zinazika.

Mei 29, Brussels, fainali ya Kombe la Ulaya kati ya Liverpool na Juventus. Uwanja wa Heysel ulikuwa mkongwe na umechakaa. Eneo lililotakiwa kuwa la watazamaji wasio na upande lilijaa Waitaliano, likatenganishwa na Waingereza kwa wavu mwepesi na polisi wachache. Kundi la mashabiki wa Liverpool likavunja wavu na kuwavamia. Waitaliano walikimbilia ukutani, wakabanana, ukuta ukaanguka. Watu 39 walikufa, wengi wao Waitaliano, na mechi ikachezwa hivyo hivyo. Klabu za Uingereza zilifungiwa Ulaya miaka mitano, Liverpool sita, na mwaka 1989 mahakama ya Ubelgiji iliwatia hatiani Waingereza 14 kwa kuua bila kukusudia. Ubovu wa uwanja ulichangia na uzembe wa waandaaji ulichangia, lakini asiyetaja uvamizi anaficha. Timu hizo zilipokutana tena Anfield mwaka 2005, Kop iliinua kadi zilizoandika neno la Kiitaliano la urafiki. Baadhi ya Waitaliano walipiga makofi. Wengi waligeuza migongo.

Hillsborough

Heysel ilikuwa kazi ya wahuni ndani ya uwanja mbovu. Hillsborough haikuwa hivyo, na hili ndilo jambo ninalotaka msomaji asilisahau, kwa sababu hata leo utasikia watu wakiyataja majina haya mawili kwa pumzi moja.

Mwaka 1981, kwenye nusu fainali uwanjani hapo mjini Sheffield, mashabiki wa Tottenham walibanwa kwenye jukwaa la Leppings Lane hadi 38 wakajeruhiwa. Waliokolewa kwa kuruhusiwa kutoka na kukaa pembeni mwa uwanja. Baada ya hapo jukwaa hilo likagawanywa kwa uzio wa ubavuni, likawa vizimba. Uzio wa mbele ulikuwapo tayari. Cheti cha usalama cha uwanja, kilichotolewa 1979, hakikurekebishwa kulingana na mabadiliko hayo.

Aprili 15, 1989, Liverpool na Nottingham Forest, nusu fainali ya Kombe la FA. Mashabiki wa Liverpool zaidi ya 24,000 walielekezwa kupitia upande mmoja wenye vilango vichache. Msongamano nje ukawa wa hatari. Kamanda wa polisi, ambaye alikuwa na wiki chache tu katika nafasi hiyo, akaamuru lango kubwa lifunguliwe saa tisa kasoro dakika nane. Watu wapatao 2,000 waliingia, na mbele yao kulikuwa na njia ya chini inayoteremka moja kwa moja hadi vizimba vya katikati, ambavyo vilikuwa vimeshajaa. Hakuna aliyeifunga njia hiyo wala kuwaelekeza pembeni, ambako kulikuwa na nafasi. Waliokuwa mbele walibanwa kwenye uzio. Mechi ilisimamishwa dakika ya sita. Waliofariki, hadi yule wa mwisho aliyekufa 2021 kutokana na majeraha ya siku ile, ni 97.

Polisi walipoona watu wakiparamia uzio, kwanza walidhani ni wahuni wanavamia uwanja. Wengine waliwarudisha ndani. Miaka 15 ya kumtazama kila shabiki kama mhalifu mtarajiwa iliwafanya wasiione ajali iliyokuwa mbele ya macho yao. Kisha uongo ukaanza. Kamanda alidai mashabiki walivunja lango. Siku nne baadaye gazeti la The Sun liliandika kwamba walevi wa Liverpool waliwaibia maiti. Watu wa Merseyside walisusa gazeti hilo, na kususa kunaendelea.

Jaji Taylor, aliyeteuliwa kuchunguza maafa hayo, alisema mapema, Agosti 1989, kwamba sababu kuu ilikuwa polisi kushindwa kudhibiti umati. Ilichukua hadi 2012 jopo huru kuonyesha kwamba maelezo 164 ya polisi yalikuwa yamebadilishwa, na kwamba huenda watu 41 wangeokolewa. Mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba waliofariki waliuawa kinyume cha sheria na mashabiki hawakuwa na kosa lolote. Kamanda alishtakiwa, na mwaka 2019 akaachiwa huru.

Viti, bei, na vyuma vipya

Ripoti ya mwisho ya Taylor ya Januari 1990 iliagiza viwanja vya madaraja ya juu viwe vya viti pekee. Mpango wa serikali wa kumpa kila shabiki kitambulisho ulikufa, kwa sababu jaji aliona ungeongeza msongamano milangoni. Uzio ukang'olewa, majukwaa yakafuata. Mashabiki walisimama Kop mara ya mwisho Aprili 30, 1994, Norwich wakashinda 1-0.

Je, viti ndivyo vilivyomaliza magenge? Siamini. Kamera za usalama zilikuwa zimeshaanza kuenea, na polisi walianzisha kitengo cha taarifa za mashabiki. Sheria ya 1991 ikafanya kurusha vitu, kuingia uwanjani na kuimba kwa ubaguzi kuwa makosa. Sheria ya 2000, baada ya ghasia za Waingereza huko Charleroi, Ubelgiji, ikaruhusu mahakama kumzuia mtu kusafiri na kumnyang'anya pasipoti. Mashabiki wenyewe walifanya kazi isiyosifiwa vya kutosha: chama chao kilichoanzishwa Liverpool 1985 baada ya Heysel, majarida yao ya kujichapishia, kampeni dhidi ya ubaguzi. Wengine miongoni mwa wahuni walizeeka tu. Tazama Ujerumani: Dortmund wana jukwaa la kusimama la watu wapatao 25,000 hadi leo, na watu hurudi nyumbani salama.

Kilichokuja pamoja na viti ni bei. Jaji Taylor alitoa mfano wa Ibrox, uwanja wa Rangers, ambako kiti kilikuwa pauni 6 na kusimama pauni 4, akaonyesha kwamba gharama haikuhitaji kupanda sana. Klabu hazikumsikiliza. Leo tiketi za makumi ya pauni ni kawaida, na ilibidi mashabiki waandamane ndipo Ligi Kuu ikaweka kikomo cha pauni 30 kwa tiketi za ugenini, kuanzia msimu wa 2016/17. Kijana wa miaka 16 aliyekuwa akiingia na wenzake kwa fedha ya mfukoni hayupo tena. Mzee anapolilia jukwaa, mara nyingi analilia hilo: bei, na uhuru wa kusimama na uwapendao. Ni haki yake kulilia, na haimaanishi anazililia ngumi.

Fujo nazo hazijatoweka. Julai 11, 2021, siku ya fainali ya Kombe la Mataifa ya Ulaya, watu maelfu wasio na tiketi waliivamia milango ya Wembley, uwanja wa viti pekee wenye kamera kila kona.

Januari 2, 2022, Chelsea walipocheza na Liverpool, kusimama kuliruhusiwa tena kwa majaribio, na kuanzia msimu wa 2022/23 klabu zenye kibali zinaweza kuwa na maeneo hayo. Si zege la zamani: kila safu ina chuma imara mbele yake, kila mtu ana nafasi yake yenye namba, na umati hauwezi kuporomoka. Anfield nako vyuma hivyo vimewekwa. Baadhi ya wazazi waliopoteza watoto Hillsborough walipinga kwa miaka mingi, na mashabiki walionusurika siku ile hawakuwa na msimamo mmoja. Mwaka 2017 umoja wa mashabiki wa Liverpool, Spirit of Shankly, uliitisha kura baada ya mikutano ambayo familia za marehemu zilialikwa kuzungumza kwanza. Waliounga mkono walikuwa asilimia 88.